Mzee Ndululu na Karatasi ya Mlangoni

Tarehe 30 Juni 1938 Mzee Ndululu wa Kiema anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi yetu hapa Kitui, kumi na mitano kati yake akiwa mkalimani wa baraza.

Kiingereza chake alikipata vitani, akibeba mizigo ya jeshi, akarudi nacho vile vile alivyokisikia kwa wanajeshi. Wengine tukisema "Very well, sir," yeye alijibu "Righto!" Kuaga kwake kulikuwa "Cheerio," hata kwa mchungaji wa misheni. Lakini hakuna mzee wa kijijini wala mfanyabiashara wa ng'ombe aliyetoka barazani bila kuelewa kesi yake imeamuliwaje. Mabwana DC wanne walimtegemea, na mmoja aliizoea hiyo "Righto" mpaka akahama nayo.

Mwaka 1934 ilibandikwa karatasi kwenye mlango wa ofisi: kushoto maneno ya Mzee Ndululu, kulia Kiingereza sanifu. Tulicheka sana. Bwana mpya alicheka pia, kisha akamwondoa barazani na kumpeleka chumba cha kupanga barua. Kiti chake akapewa karani kijana aliyetoka shule ya misheni, ambaye ndiye anayeandika haya.

Mzee hakulalamika. Wiki iliyofuata alinijia na daftari jipya.

"Kijana yangu, nifundishe hiyo Kiingereza ya kitabu," alisema. "Sitaki kuaibisha ofisi."

Nilimfundisha saa za mapumziko kwa miezi minane, naye akaniletea vibuyu vitatu vya asali kutoka mizinga yake ya Kwa Vonza. Asali niliila. Alijifunza vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini kiti hakurudishiwa, maana nilikuwa nimekikalia mimi. Tangu hapo sijamsikia akichekesha mtu kwa Kiingereza.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu ofisi nzima inanijua kama mwalimu wake. Naona haya hata kuliandika neno hilo. Mzee Ndululu, ile karatasi niliiandika mimi, nikaibandika asubuhi kabla hamjafika. Nilikitaka kiti chako. Nisamehe.

Kwa niaba ya wote, asante kwa kazi yako, na tunakuombea uzee mwema na nyumba yenye amani.

Ratiba inasema mimi ndiye nitakayekukabidhi blanketi la kuagana. Ukiona uzito kulipokea mkononi mwangu, Bwana Nzuki wa stoo atakuwa amesimama kando yangu. Siku ile ya karatasi yeye alicheka tu.

Jonah Ndeti, mkalimani