Luisa Kapinga Aliyetaka Kusomewa Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, mvute vigoda. Leo tunamkumbuka Luisa Kapinga wa kijiji cha Lihanje, huku milimani Mbinga. Luisa Kapinga, mama yake Beata. Tumemzika Alhamisi. Wapo watakaosema alikuwa mkorofi. Ni kweli. Viongozi walipoliona gauni lake la kijani mkutanoni, ile ajenda ya mwisho, ya mengineyo, ilifutwa papo hapo.

Luisa alisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne alilipenda hata akalirudia. Lakini jina lake alijua kuliandika, kwa mwandiko wa kulala. Na jina hilo ndilo lililomponza.

Turudi mwaka 1996, mwezi wa saba. Kahawa imeiva, watu wako mashambani tangu alfajiri. Soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda milima yetu kama wachumba, kila mmoja na gari lake na maneno yake matamu. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Walifika watu thelathini na kitu, wakaongea habari za barabara, wakarudi kuchuma.

Mtendaji wa kijiji alikuwa Bwana Cuthbert, Mnyasa wa Liuli kule ziwani, kwenye vidagaa viitwavyo usipa. Akamwita Luisa, aliyekuwa mjumbe wa kitongoji.

"Mama Luisa, watu hawakutimia. Nipitishie karatasi hii ya mahudhurio nyumba kwa nyumba."

"Hawakuhudhuria, wewe mla usipa. Wasaini nini?"

"Wasaini tu, mama, wasije wakaandikwa watoro."

Watoro! Sisi tuliolelewa na faini za mikutano tunalijua neno hilo. Asiyesaini ni mtoro, na mtoro huitwa ofisini. Basi Luisa akaipitisha karatasi siku mbili. Watu walisaini kwa moyo mweupe. Mtu alijisainia, akamsainia na shemeji aliyekuwa Songea. Yakapatikana majina mia moja arobaini na matatu. Juu kabisa, kwa mwandiko wa kulala: Luisa Kapinga.

Mwezi wa tisa, seng'enge ikazungushwa bonde la chemchemi. Hapo ndipo vitongoji vitatu vilipochota maji, hapo ndipo tulipooshea kahawa. Mnunuzi mmoja alilitaka kwa mtambo wake. Akina mama wakaenda wilayani kuuliza. Wakaonyeshwa muhtasari wa mkutano: kijiji kimeridhia kulitoa bonde. Nyuma yake imebandikwa karatasi ile ile. Majina yale yale.

Narudia, maana kuna walioinuka kugeuza ugali. Karatasi ya mahudhurio iligeuzwa karatasi ya kuridhia. Na aliyeipitisha ni Luisa.

Beata anasema: "Siku ile mama hakula. Alisema, 'Maji ya watu nimeyabeba mimi, kwapani, nyumba kwa nyumba.'" Jirani yake Gaudiosa hakumsalimia msimu mzima. Walipokutana njiani, Gaudiosa alikuwa anakagua mibuni ya watu.

Luisa akaenda parokiani kwa Flavia, wa kamati ya haki na amani. Flavia akamwambia, "Mtafute aliyeibandika karatasi ile. Akikiri kwa maandishi, tuna pa kuanzia."

Cuthbert alikuwa ameshaacha kazi, amerudi kwao. Mwaka 1999 Luisa akapanda lori la mahindi, akateremka mpaka Liuli. Akamkuta ufukweni anageuza usipa kwenye chanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naona umerudi kwa ndugu zako. Hawa nao umeshawasainisha?"

Cuthbert akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, mimi nilitumwa na wakubwa."

"Na mimi ulinituma wewe. Leo nakutuma mimi. Andika."

Akaandika. Akamnyooshea karatasi. Luisa hakuipokea. "Nisomee kwanza."

"Karatasi ya mahudhurio ilichanganyika na muhtasari..."

"Ilichanganyika? Yenyewe? Kama mchele na mawe?"

Akaandika upya: niliibandika mimi, watu hawakuridhia. Akaisoma. Akasaini. Mkewe akamfungia Luisa usipa kikapu kizima, na tangu siku hiyo Luisa alikoma kumwita mtu mla usipa.

Barua hiyo iko wilayani tangu mwaka 1999. Luisa aliifuata kila mwezi.

"Mama, suala lako linashughulikiwa," karani alimwambia.

"Na nani? Niambie, nikamsalimie."

Hakuambiwa. Miaka minne, mpaka anafariki, hakuambiwa. Lakini pale Lihanje hakusaini tena mahudhurio kabla muhtasari haujasomwa kwa sauti. Mikutano ikawa mirefu. Wengine walimnung'unikia, nami nikiwemo, maana kiti cha shule hakina huruma kwa mifupa ya bibi.

Alhamisi makaburini, mtendaji wa sasa, Bwana Raimundi, akapitisha daftari la waombolezaji. Likamfikia Gaudiosa. Ndiyo, yule yule. Akalishika, asiandike.

"Baba, hili la nini? Tusomee kwanza."

Raimundi akalitazama daftari. Juu ya ukurasa hapakuwa na neno hata moja. Mistari mitupu.

"Kichwa nitaandika baadaye, mama."

Watu mia na zaidi wakamgeukia Raimundi. Padri mwenyewe akafunga kitabu chake, akasubiri. Raimundi akatoa kalamu, akaandika, akasoma kwa sauti: "Waliomzika Luisa Kapinga. Basi." Gaudiosa akasaini wa kwanza, juu kabisa.

Beata, wewe na ndugu zako, poleni sana. Poleni na vitongoji vyote vitatu. Mungu amlaze mama yetu mahali pema. Na wewe unayesikiliza, kabla hujalala, jiulize: jina lako uliliandika wapi mwaka huu, na juu yake palikuwa na neno gani?

Seng'enge bado ipo. Akina mama bado wanauzunguka mlima na ndoo kichwani. Pumzika, Luisa. Sisi huku bado tunasubiri kusomewa.