Kanopi ya Fundi Upepo

Zamani gari likibonyea lilinyooshwa kwa nyundo, moto na subira. Siku hizi linavuliwa kipande kibovu na kuvishwa kipya kutoka kwenye boksi, na aliyekaza skrubu naye anaitwa fundi. Mpendwa wetu tunayemlaza leo alikuwa fundi wa zamani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa mwashi na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya malori. Alilelewa mgongoni kwa kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka mitatu. Kaka huyo amekuwa akisema siku zote kwamba mtoto yule alikuwa mwepesi kila mahali isipokuwa mdomoni.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1965, baba yao alipoanguka kutoka juu ya jengo akiwa kazini, vijana wote wawili wakatoka darasani kwenda kutafuta riziki. Masomo yaliyobaki alijisomea mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa misumari. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na alichokisoma hakikumtoka tena.

Mwaka 1966 aliingia gereji ya bodi kama mwanafunzi wa kazi. Miaka kumi na miwili baadaye alifungua karakana na kaka yake, ambaye ni seremala, chini ya paa moja: huku nyundo, kule randa, katikati jiliwa moja la kubania vyuma na mbao, la kugombania. Marehemu aliziita mbao za kaka yake kuni ambazo hazijakata tamaa. Kaka naye alimjibu kwamba kuni angalau hazioti kutu. Hivyo ndivyo walivyosalimiana asubuhi kwa zaidi ya miaka arobaini, na aliyewasikia akadhani wamegombana alikuwa mgeni wa mtaa.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na mfumaji wa masweta aliyekaa jirani na gereji. Bibie alikuwa amekuja kulalamika kwamba rangi ya gari imepeperuka hadi kwenye nguo alizoanika. Marehemu alimwomba radhi, na kesho yake akarudi kuomba tena, na keshokutwa, mpaka wazazi wa binti wakauliza kosa gani hili lisilosameheka. Mungu aliwajalia binti mmoja.

Mwaka 1994 mkewe alianguka ngazini akaumia uti wa mgongo. Hakuweza kuketi. Kila wiki ilibidi apelekwe hospitali amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, kwa barabara ya vumbi. Kaka mtu akamtengenezea shemeji yake kanopi ya mbao ya kufunika nyuma ya pikapu, ya pembe nne, imara kama kabati la nguo. Safari ya kwanza shemeji alishushwa ana rangi ya tofali, anakohoa. Daktari alisema wazi kwamba hampasui mgongo mtu mwenye kifua cha namna hiyo, na asipopasuliwa hatatembea.

Seremala aliziba kila mwanya kwa mpira. Vumbi likaingia vilevile. Marehemu aliizunguka kanopi ile, kisha akasema taratibu, "Kaka, hapa hakuna tundu. Vumbi halisukumwi kutoka mbele, linavutwa na huu mgongo bapa wa nyuma."

Akakata vipande vya uzi wa sufu wa mkewe, akavibandika kwenye kanopi pande zote vionyeshe upepo unakoelekea, akaendesha. Kaka yake alimfuata kwa pikipiki ili azitazame nyuzi. Kwa kuwa pikipiki ile ilikuwa na kelele za kinu, walipatana ishara: kiganja kilichonyooka, nyuzi zimetulia; vidole vinavyochezacheza, nyuzi zinaruka. Vidole vilicheza njia nzima. Nyuzi za nyuma ziligeuka zikaelekea mlangoni kama wageni waliosikia sahani. Jioni ile kaka alimpachika jina la Upepo, kwa kejeli, na mtaa ukalipokea kwa heshima.

Ikaamuliwa kanopi nyingine, ya faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi, yenye mgongo unaoteremka na kusinyaa kuelekea nyuma mithili ya samaki. Seremala aliunda kalibu ya mbao, umbo la kutandazia faiba hiyo. Mgonjwa, kitanda chake kikiwa dirishani, ndiye aliyekuwa msimamizi: "Hapo pana nundu. Bado. Shemeji, hata mimi niliyelala naiona." Nundu ikapigwa msasa.

Marehemu aliipaka kalibu nta ya sakafu ili faiba isigande juu yake, akaenda kuchukua gundi. Huku nyuma kaka akaiona ile nta. Seremala anajua kwamba gundi haishiki penye nta, kwa hiyo aliiosha yote kwa maji moto na sabuni, akafuta vizuri. Marehemu akarudi mbio, maana gundi ya faiba haingoji mtu, akapaka na kutandaza kitambaa chake bila kutazama. Kesho yake kalibu na kanopi vilikuwa kitu kimoja.

"Nani ameosha nta?"

"Seremala gani anaacha nta juu ya mbao?"

Dirishani mgonjwa alicheka hadi akalia kwa maumivu. "Shemeji," akasema, "umefungisha ndoa."

Gundi ilikuwa imekwisha na siku ya hospitali imefika. Wakakata mbao kwa ndani, wakaziacha mbavu tu. Mpaka leo kaka anashikilia kwamba bila mbavu zile kanopi ingepasuka mwaka wa kwanza, na marehemu hakuwahi kukubali wala kukanusha. Barabarani, kiganja kilinyooka. Kifua kikapona, na tarehe 11 Juni 1995 mgongo ukapasuliwa. Mama huyo leo amesimama mbele yenu kwa miguu yake. Kanopi za siku hizi zinanunuliwa. Zinang'aa, na vumbi zinaingiza.

Moyo wa marehemu ulianza kuchoka mwaka 2022. Alifariki hospitalini mchana wa tarehe 9 Februari 2024. Ameacha mke, binti ambaye ni dereva wa malori, wajukuu wanne, kaka mmoja, na pikapu isiyouzwa.

Mara ya mwisho kaka yake kumwona ilikuwa asubuhi ya siku hiyo, alipopelekwa hospitali amelazwa ndani ya kanopi ile ile. Binti alishika usukani, mama alikaa nyuma karibu na godoro. Marehemu alikuwa amemwomba mkewe abandike nyuzi mpya. Gari lilipoanza kuteremka, mkono wa marehemu ulionekana kwenye dirisha la nyuma la kanopi, ukiuliza kama nyuzi zimetulia. Macho ya kaka hayaoni tena uzi wa sufu kwa mbali. Lakini vumbi aliliona: lilibaki barabarani, halikumfuata ndugu yake. Akainua mkono, kiganja kimenyooka, na hakuushusha mpaka gari likapinda kona.

Mungu amlaze palipotulia.