Swali la Mama Judi

Mheshimiwa Katibu Tawala, uliyekuja kwa niaba ya Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Diwani wetu. Ndugu Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kupokea wageni, Mzee Jabiri. Masheikh wetu na wachungaji wetu. Wazee wangu, shikamooni. Vijana tisa wa Vugiri, Mkumbara na Handeni mnaopokea vitambulisho vya uongozaji leo. Wageni wetu kumi na mmoja kutoka Marekani. Ndugu na majirani mlioacha biashara zenu siku ya gulio mkaja kuniaga: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Nadhani nimezimaliza zote, asiwepo wa kuninunia.

Mimi ni Hajira binti Hiza, mzaliwa wa Vugiri. Kwa miaka ishirini na sita nimewapandisha wageni milimani, nimewalaza katika nyumba zetu, na nimekuwa mdomo wao kwetu na mdomo wetu kwao. Mzee Jabiri amenisifu hapa hadi nikatazama nyuma kuona kama kuna Hajira mwingine. Amesema kwamba katika miaka yote hiyo hakuna Mmarekani hata mmoja aliyeshuka Vugiri na kinyongo, wala mwenyeji hata mmoja aliyemtolea mgeni neno baya. Mzee wangu, ni kweli tupu. Lakini nimekuja kuwaambia kuwa hiyo si sifa, na mtanivumilia nikieleza kwa nini.

Kwanza niseme na wageni. Muhsin, mwanafunzi wangu, ndiye anayewatafsiria pale. Muhsin mwanangu, leo usinitilie sukari, sema ninavyosema.

Ndugu zetu wa Marekani, mnataka kujua tunawaonaje? Tunawaona kabla hamjafika, kwa sababu tunawasikia. Mnacheka kwa sauti, mnazungumza kwa sauti, hata siri zenu mnaambiana kwa sauti. Mnauliza mtu hali yake huku mnapita, na kabla hajajibu mmeshafika kwa jirani. Kwetu salamu inaanza na afya, inakwenda kwa watoto, inapita shambani kutazama mahindi, ndipo shida inatajwa. Mnampiga picha mzee kabla ya kumwamkia. Mnawagawia watoto pipi njiani, mkiondoka sisi tunabaki na watoto wanaomkimbilia kila mwenye begi mgongoni. Na mkiona jambo haliendi sawa, mnataka kulitengeneza papo hapo, hata kama mwenye jambo bado analilia.

Lakini tunaona na mengine. Mnashika majina yetu, mkirudi baada ya miaka mitatu mnauliza habari za mbuzi kwa jina lake. Mnaomba radhi upesi, bila kutazama nani mkubwa na nani mdogo. Mkiambiwa kosa, wengi wenu mnajirekebisha siku hiyo hiyo. Taabu ni hapo kwenye kuambiwa. Nani kati yetu aliwahi kuwaambia? Tuliwafundisha neno "hamna shida" siku ya kwanza, na tangu hapo kila mlipotukanyaga tulisema hamna shida. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Je, mwenyeji anaponaje kama kila anapoumia anacheka?

Nitawasimulia habari ya mgeni mmoja tu. Wengi hapa mlimjua. Jina lake Judith, sisi tukimwita Mama Judi, muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye kofia ya majani aliyoinunua hapa Korogwe stendi na hakuiacha tena. Alikuja mara ya kwanza mwaka 2008, akapangiwa nyumba ya mdogo wangu Fatu. Siku ya tatu, kama methali inavyotaka, alishika jembe, akalimia maharage ya Fatu vibaya kiasi kwamba Fatu aliyarudia yote mgeni alipokwenda kuoga. Na hapo pia tulimwambia amelima vizuri sana.

Wakapendana. Hilo naomba lieleweke, maana bila hilo msiba wangu hauna maana. Mama Judi alirudi karibu kila mwaka, na kila akija alikula makande sinia moja na Fatu na binti yake Yusra, wote watatu wakinyang'anyana maharage. Yusra alikuwa na miaka kumi na moja mgeni wao alipokuja mara ya kwanza. Alimfundisha Mama Judi kuokota mboga na kukaa mkekani bila kunyoosha miguu mbele za watu.

Mwaka 2016 Yusra alikuwa na ujauzito wa kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi, siku ya mvua. Tuliambiana tusubiri kidogo, uchungu wa kwanza huchelewa, na barabara ya kushuka ilikuwa tope tupu. Saa nane mchana alianza kutokwa damu. Gari tulilipata saa kumi. Yusra hakufika Korogwe, wala mtoto wake. Mniwie radhi, hapa huwa nasimama kidogo.

Mama Judi alikuwa ameshakata tiketi ya ndege kuja. Alifika siku ya pili ya msiba, amevaa kanga aliyovalishwa njiani na wanawake, analia hata haoni ngazi. Nikamwingiza ndani. Wanawake wamejaa mkekani, Fatu amekaa katikati amejiinamia. Nyote mnajua mwenye msiba hukaliwa. Unakaa, unalia kama kilio kipo, ukiishiwa machozi unakaa tu. Huulizi kitu. Habari za ugonjwa utazipata baadaye, uani, kwa wanaopika.

Yeye hakujua. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na tano, na kwa muuguzi kupenda ni kuuliza. Akaanza kuhesabu kwa vidole mbele ya Fatu saa alizosimuliwa njiani: uchungu saa moja, damu saa nane, gari saa kumi. Halafu akanigeukia mimi, mkalimani wake, akauliza kwa Kiingereza: "Nani alisema msubiri?"

Wanawake wote wakanitazama, wanangoja tafsiri. Fatu akanyanyua uso. Nikasema, "Anasema poleni sana, Mungu awape subira."

Fatu alivitazama vile vidole. Kidole hakihitaji mkalimani. Akasema, "Mwambie karibu chai."

Nikamwambia Mama Judi, "Anakukaribisha chai." Akanywa. Akadhani amejibiwa.

Tangu siku ile Fatu hakula tena na Mama Judi. Ndugu wageni, hapa nisikilizeni vizuri, maana hili hamtalisoma katika kitabu chochote cha safari. Alimpokea mwaka uliofuata, na uliofuata, akamtandikia kitanda kile kile, akampikia makande yale yale. Akimaliza kuandaa alisema, "Karibu mama, mimi nimeshakula," akaenda kukaa jikoni. Kwetu mtu anaweza kukukirimu miaka kumi bila kukusamehe. Ukitaka kujua moyo wake usitazame chakula alichokupa, tazama kama mkono wake umo sahanini.

Mama Judi aliona. Msidhani Wamarekani hawaoni. Mwaka 2022, baada ya korona kutuachia nafasi, alirudi akitembea kwa fimbo. Tumekaa barazani kwa Fatu akaniuliza, "Hajira, zamani tulikula pamoja. Nimekosa nini?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hapakuwa na mtu mwingine, hata Fatu alikuwa ameshuka mtoni. Nikamwambia, "Hujakosa kitu. Amefunga sunna." Akafurahi, akasema Fatu ni mcha Mungu. Nikasema ndiyo.

Waongozaji wapya, mnajua kwa nini nilifanya hivyo? Nilijiambia ni adabu. Mgeni hafedheheshwi, mfiwa hasumbuliwi, na mkalimani mwema hapitishi neno la kuumiza. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyomfundisha Muhsin, Mungu anisamehe. Watu wakatusifu kuwa wakarimu, na mgeni aliyetupenda akaenda kwao miaka yote ile bila kujua kuwa mlango aliofunguliwa ulikuwa umefungwa.

Mwezi wa pili mwaka huu nililetewa ujumbe kwamba Mama Judi amefariki. Ujumbe uliandikwa na binti yake, Klara, ambaye amekaa pale mstari wa pili. Klara aliandika kuwa mama yake alipokuwa hospitali alikuwa akisema Kiswahili kidogo kidogo, na wauguzi hawakuelewa. Alikuwa anasema, "Karibu tule." Klara, pole mwanangu. Kila nikikuamkia naona mdomo wa mama yako.

Nikapanda kwa Fatu kumpa taarifa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Aliposikia hakulia, aliendelea na hindi lile lile hadi likaisha, kisha akasema, "Miaka yote ile nilimsubiri aniombe radhi. Angesema neno moja tu ningekula naye. Kwani hakujua?"

Nikasema, "Hakujua."

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Na siku ile mkekani alisema nini? Vidole niliviona. Nilijua ananihesabia saa nilizomwacha mwanangu afe."

Ndipo nikamwambia ukweli, miaka tisa baadaye, kwamba hakumhesabia yeye. Aliuliza nani alisema tusubiri.

Fatu aliweka gunzi chini. Akaniuliza taratibu, jinsi anavyosema na mimi tangu utoto, maana ni mdogo wangu na hajawahi kunipandishia sauti. "Dada, na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimjibu kuwa unamkaribisha chai."

Akachukua hindi jingine. Halafu akasema, "Basi nenda ukamjibu."

Nikasema, "Fatu, mtu amekufa."

Akasema, "Binti yake yupo."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua sherehe ya kustaafu si mahali pa kuanua matanga, na pilau inapoa. Nilimwomba Fatu ruhusa ya kulisema hili mbele yenu. Akasema, "Sema, nimechoka kusifiwa ukarimu." Amebaki nyumbani Vugiri. Klara nilimweleza mengi ya haya jana, ili asiyasikie kwa mara ya kwanza katikati ya watu. Sikumweleza yote.

Wageni wetu, ninyi bado mna siku kumi nasi. Salimieni, kisha mngoje jibu. Ombeni kabla ya kupiga picha, na mkikubaliwa haraka mno, ombeni tena. Nyumba yenye msiba ikiwapokea, kaeni chini mnyamaze, maswali yenu mema yaacheni nje na viatu. Na mkalimani wenu muulizeni kila siku: umesema yote niliyosema? Umeniambia yote waliyosema? Msituogope, tutawaheshimu zaidi. Nanyi waongozaji, mgeni akikosea mwambieni, kwa upole, faraghani, siku hiyo hiyo. Kumficha mtu kosa lake ni kumnyima nafasi ya kuomba radhi, na wengine hufa wakiwa hawajaipata.

Nilisema kuwa nilificha swali lile kwa sababu ya adabu. Adabu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Fatu alilijua jibu tangu siku ile, akanitunzia heshima ya ukubwa wangu, akanyamaza, akangoja niseme mwenyewe. Wanawake waliokuwepo chumbani asubuhi ile nao walijua wakanyamaza. Asiyejua alikuwa mmoja tu, naye ndiye peke yake aliyeuliza. Tulimwona hana adabu kwa kuuliza, na mimi nikapata pa kujificha nyuma ya ukosefu wake wa adabu.

Klara, simama mwanangu nikuone. Mama yako aliniuliza swali, nami nakujibu wewe. Asubuhi ile, saa tatu, Fatu alikuwa ameshafunga mzigo wa Yusra na amemtuma mtu kutafuta gari. Ni mimi niliyemrudisha mtu yule njiani. Nilikuwa dada mkubwa, nimezaa sita, nikasema uchungu wa kwanza nauelewa. Aliyesema tusubiri ni mimi.

Mzee Jabiri, nakushukuru kwa sifa na kwa kazi. Wazee na majirani, nawashukuru kwa kunitunza, hata kwa yale mliyoninyamazia. Kwa hayo machache niliyoweza kuyabeba hadi hapa, asanteni kwa kunisikiliza.