Tarumbeta Iliyotazama Nyuma: Maisha ya Yonasani Thembo, 1950–2025

Waombolezaji wapendwa, wasifu huu umeandikwa na Nobert Kiiza, mpwa wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Familia ilimwomba auandike kwa ufupi. Amejaribu, lakini marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa mambo mafupi, hasa mkianza kuzungumza habari za tarumbeta.

Yonasani Thembo alizaliwa tarehe 12 Septemba 1950 hapa Karambi. Wazazi wake walikuwa marehemu Eriya Baluku na marehemu Yunia Biira, wakulima wa kahawa. Katika watoto waliozaliwa nyumba hiyo, waliofikia utu uzima ni wawili tu, yeye na dada yake Bulandina, aliyemzidi miaka minne. Bulandina ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao akichuma kahawa. Yuko hapa mbele, amekaa kwenye kiti cha kwanza, na tayari ameonya kwamba kosa lolote la tarehe atalisahihisha mbele ya watu.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hapa hapa kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Shule ilikuwa na tarumbeta moja, imebonyea, na kibonyezo chake cha kati kilikuwa kimekwama tangu zamani. Walimu walishaizoea hivyo, wakawa wanachagua nyimbo zisizohitaji kibonyezo hicho. Yonasani aliona hiyo si sawa. Aliichukua nyumbani Jumamosi moja, akaifungua vipande vipande, akavichemsha kwenye chungu cha mama yake. Kibonyezo kilifunguka kweli. Lakini chungu ni kile kile kilichopika maharage ya jioni, na Bulandina anasema ladha ya shaba anaikumbuka hadi leo. Mama yao alimchapa, kisha akamwambia apige wimbo mmoja wasikie.

Mwaka 1973 aliingia bendi ya polisi. Aliishi kambini Kampala, Jinja na Fort Portal kwa miaka kumi na minne. Huko alijifunza kusoma nota, kupiga pasi suruali na kusema "ndiyo, afande" hata kama moyoni anasema hapana. Aliporudi mwaka 1987 alifanya kazi ya kuchomelea vyuma katika karakana moja ya malori pale Hima. Mwaka 1993 alifungua karakana yake mwenyewe mjini Bwera. Alitengeneza baiskeli, masufuria na vitasa, na kila tarumbeta ya shule au kanisa iliyougua kuanzia Kahendero hadi mpakani ililetwa kwake.

Ndoa yake ilitoka kambini. Mwaka 1978 alikutana na Ednah Lanyero, binti wa mwanajeshi kutoka Kitgum, aliyekuwa akikaa na kaka yake katika kambi ya Jinja. Walifunga ndoa tarehe 18 Julai 1981. Watu wa huku walisema msichana wa Kiacholi hatakaa mlimani hata mwaka mmoja. Mama Lanyero amekaa miaka thelathini na minane, anaongea Lhukonzo kuwashinda baadhi yenu, na mumewe alimwita "Afande" mpaka mwisho. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa inafaa kuieleza hiyo tarumbeta, maana wengi mmekuja mkiiulizia.

Mama yao, Yunia, alifariki mwezi wa Aprili 1989. Mnajua desturi yetu: bendi inatangulia, jeneza linafuata, wafiwa wako nyuma ya jeneza, wote tunapanda kutoka kanisani hadi shambani. Yonasani alitangulia na tarumbeta yake, akapiga njia nzima huku machozi yakimtoka, wala hakukosea hata nota moja. Baada ya kuzika, watu walipokuwa wakila, akamwuliza dada yake kama ule wimbo wa mwisho ulimfikia vizuri.

"Wimbo gani?" Bulandina akasema. "Kumbe ulipiga? Mimi nilikuwa huku nyuma ya sanduku, sikusikia kitu. Hiyo nyimbo yako ilienda Kongo."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa. Mdomo mpana wa tarumbeta, pale sauti inapotokea, unatazama mbele. Mpigaji akitangulia, sauti inakwenda mlimani na kuvuka mpaka, na yule aliyefiwa anabaki nyuma na vumbi la miguu. Yonasani aliacha kula. Alikuwa ameishika tarumbeta zaidi ya miaka ishirini na hakuwahi kujiuliza nani anamsikia. Siku ile lilimuuma jambo hilo, na halikuacha kumuuma kwa miaka thelathini na sita. Alimwahidi dada yake kwamba atatengeneza tarumbeta inayosikika nyuma. Bulandina akamwambia ale kwanza.

Alianza kuchora. Alichora kwenye makaratasi ya sukari, kwenye kalenda, kwenye ukuta wa jikoni hadi Mama Lanyero akamnyang'anya mkaa. Rafiki yake Sosthène, mfanyabiashara wa Kasindi upande wa Kongo, alimletea mabomba ya shaba kutoka ng'ambo. Aliyaona yalivyokunjwa akashangaa. "Papa Yona, hii iko tarumbeta ao iko bomba ya pikipiki? Mutu anapiga muziki na mugongo?" Lakini aliendelea kuleta shaba.

Tarumbeta ya kwanza ilipita juu ya bega la kushoto, mdomo mpana ukatazama nyuma. Aliipiga uani kwake, na sauti ikatoka vizuri. Ila maji ya pumzi, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kona ya chini na kumwagwa mbele, sasa yalikusanyika juu ya bega na kumtiririkia mgongoni. Mama Lanyero alikuwa akianika nguo. "Afande, ingia ndani," akamwambia, "hiyo kitu inakunyeshea." Yonasani akahamisha tundu la kumwagia maji mara tatu ndipo shati likapona.

Mwaka 2004 aliona imekamilika. Aliipima Kasese, kwenye uwanja tambarare, akawasimamisha wenzake hatua sita nyuma yake, nao wakasema wanasikia vizuri. Basi akaja nayo kwenye mazishi ya mzee wetu Aloysius. Jamani! Alisahau kwamba Kasese ni tambarare na hapa ni mlima. Njia yetu ni nyembamba, na jeneza likishapanda mabegani kwenye mwinuko hakuna mbebaji anayetaka kusimama, kwa hiyo wanakuja wamebanana na bendi, karibu wawakanyage visigino. Tarumbeta ikalia ndani ya sikio la mbebaji wa mbele. Akaruka. Jeneza likainama, watu wakapiga kelele, na kama si mikono ya wengi, Mzee Aloysius angetangulia kurudi kanisani. Wazee wa kanisa wakakaa kikao siku ile ile, wakaamua kwamba tarumbeta hiyo isitembee tena mbele ya maiti. Yonasani aliwaomba radhi wafiwa kwa magoti. Uamuzi wa wazee aliuheshimu miaka yote, akawa anazika watu kwa tarumbeta ya kawaida, na kila tukirudi kutoka kaburini alimwuliza dada yake, "Ulisikia?" na kila mara dada yake akatikisa kichwa. Ni vigumu kueleza jinsi swali hilo lilivyomzeesha.

Mwaka 2012 mwalimu mmoja mgeni aliingia karakana, akaiona tarumbeta hiyo imetundikwa ukutani, akamwambia kwamba zamani sana wanajeshi wa nchi za mbali walikuwa na tarumbeta za namna hiyo, kwa sababu bendi ilitangulia na askari wakafuata. Tulidhani atavunjika moyo kusikia wazo lake si jipya. Alifuta meza, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe na wao walikuwa na watu wa nyuma!" akasema. Tangu hapo alifanya kazi kwa nguvu zaidi. Aliweka kiungo kinachozunguka, akakifunga kwa kibano cha kiti cha baiskeli na ukanda wa mpira wa tairi ili pumzi isivuje, hivi kwamba mpigaji anaweza kuinua mdomo mpana upite juu ya vichwa vya wabebaji na kuwafikia wafiwa. Alimaliza mwezi wa Machi 2022.

Mwezi huo huo alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walimwambia ni moyo, na wakamkataza kupuliza. Hakuipiga njiani hata mara moja. Alimfundisha mjukuu wake Phionah, mwalimu wa muziki, akiwa amekaa kitandani anahesabu kwa kidole. Wiki yake ya mwisho aliwaita wazee wa kanisa. Hakuwaomba dawa wala maombi marefu. Aliwaomba wamruhusu mara moja, kwa maiti moja, ambaye hatalalamika. Walikubali. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, Mama Lanyero akiwa amemshika mkono. Ametuachia uchungu ambao hatuna haja ya kuuficha.

Ameacha mjane, Ednah Lanyero; watoto, Gorret, Ronnie na Mubarak; wajukuu tisa; mpwa mmoja; na dada yake, Bulandina.

Tukiinuka hapa, Phionah atatangulia. Wabebaji, tafadhali, hatua sita, msimkaribie zaidi ya hapo. Marehemu alitembea mbele ya majeneza ya watu wengine kwa zaidi ya miaka hamsini. Leo ndiyo mara ya kwanza anatembea nyuma ya tarumbeta. Mama Bulandina atakuwa pale pale alipokuwa mwaka 1989, nyuma ya sanduku. Hakuna atakayemwuliza kitu njiani. Tutakapofika kaburini, kabla ya udongo, atasogea karibu na mdogo wake amwambie mwenyewe kama amesikia.

Apumzike kwa amani Yonasani, na jibu hilo limkute bado hajafunikwa.