Boriti ya Mama Kelele

"Ukiufungua mlango ule kesho, mwanangu, utakuja kuzika wengine."

"Na tukiufunga, Mjomba, halmashauri wanapageuza ghala la mbolea. Unawajua. Chumba walishakipima."

Wasikilizaji wapendwa, ubishi huo nimeukuta asubuhi hapa nje ya maktaba, ninapozungumza nanyi sasa. Mwenye sauti nzito ni seremala, kaka wa marehemu. Anayembishia ni binti wa marehemu. Na marehemu ni mkutubi wetu, mkutubi pekee wa mji huu. Tulimwita Mama Kelele, kwa sababu hakutaka kuzisikia.

Hakuuawa na paa. Nalisema wazi, maana uvumi hauna breki. Amefariki kwa homa ya mapafu, hospitalini. Lakini paa ndilo alilokuwa akiliogopa. Kila asubuhi alipanda juu ya kiti, akaigonga boriti ya kati kwa mpini wa ufagio, akatega sikio. Mchwa walikuwa wakiila kwa ndani. Ikilia vibaya, watoto walisomea uani. Ikilia vizuri, waliingia, naye akakaa chini ya boriti hiyo hiyo, macho juu.

Aliomba mbao halmashauri. Akaambiwa asubiri. Mkulima wa vitunguu akamletea nguzo, mwenye trekta akaleta nyingine. Ndizo zinazoshikilia paa hadi leo.

"Mvua ikianza, mama aliacha sahani mezani akakimbilia huku," binti ameniambia. "Nikamwambia, mama, funga tu. Akasema, nikifunga hawatafungua tena."

Alisema kweli. Na kaka yake naye anasema kweli. Leo ameigonga boriti mwenyewe. Mpini umezama ndani yake.

Mwanangu wa mwisho ana kiti chake mle, karibu na dirisha. Jumamosi nilimwacha hapo nikaenda sokoni, roho kwatu.

Kaka wa marehemu, poleni. Binti yetu, pole sana. Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni: ilikuwaje tukamwachia mama mmoja paa la watoto wetu wote? Tulimpa nguzo mbili, tukarudi shambani.

Mimi nimeshajiuliza. Ukumbi wa redio hii una paa zima, na ndani hamna kitu ila viti vibovu. Meneja amekubali, sikumpa nafasi ya kukataa. Kuanzia sasa ndio maktaba ya umma, na kesho inafunguliwa saa ile ile. Asije mtu akasema imefungwa.

Seremala ameingia kwenye maktaba ya zamani peke yake. Hataki mwingine avuke kizingiti, hata mpwa wake. Anatupitishia vitabu dirishani, harakaharaka. Mwenye trekta, lete tela. Rundo la kwanza hili hapa limefika. Fundi mitambo huko studioni, weka muziki, nahitaji mikono yote miwili.