Majani ya Maabara na Sikio la Mzee

Treni ya asubuhi ilinikalisha mbele ya mzee mwenye bandeji sikioni na binti aliyemwambia kuwa anatafiti saratani ya ngozi. Mzee alifurahi kama aliyekutana na nduguye.

"Basi mwanangu, nasikia mmeyajaribu majani haya ninayopaka sikioni, na yameiweza saratani."

"Kweli, baba. Tulitia maji yake kwenye seli za saratani, na jeni zinazozisukuma kukua zikanyamaza. Lakini zilikuwa kwenye kisahani cha maabara, si kwenye sikio la mtu."

"Jani ni jani."

"Daktari anasemaje?"

"Anataka kunikata kipande cha sikio leo." Mzee alitazama dirishani. "Nashuka kituo kijacho, narudi nyumbani."

"Kuyatafiti majani hayo kumekula ujana wangu, na bado nakuomba ukakatwe. Nitakupeleka mwenyewe."

"Hata jina langu hulijui."

"Silijui. Kidonda chako nakijua."

Mimi, nisiyehusika, nilishaacha kujifanya nasoma gazeti.

Treni iliposimama, mzee aliinuka, na binti akainuka.

"Hapa si kwako," mzee alisema.

"Wala si hospitali," binti akajibu, akashuka nyuma yake.