Tunamtafuta Chacha

Kijiwe chetu hapa Segese ni benchi moja refu ukutani mwa duka la vipuri, pamoja na Nasibu wa kahawa na birika lake. Asubuhi ile tulikuwapo wale wale: mimi; Karasha, tuliyemwita hivyo kwa sababu ana mashine ya kusaga mawe ya dhahabu; na Mchaga, ambaye hata Kilimanjaro hajauona. Ni Msukuma wa Songwa, jina tulimbandika siku alipofungua hilo duka la vipuri. Katikati yetu alikaa Lusia, fundi cherehani wa jirani, mtoto kambeba mgongoni.

Mtoto huyo ana miezi minne na hana jina. Lusia na mumewe wamekubaliana arithi jina la babu mzaa mama, na babu mwenyewe hajulikani aliko. Marehemu mama yake Lusia alikuwa akipika chakula kwenye machimbo ya Mwakitolyo, akapendana na mchimbaji mmoja aitwaye Chacha. Mimba ikawa kubwa, akaenda kujifungulia kwao. Aliporudi, duara, yaani shimo la dhahabu, lilikuwa limejaa maji na wachimbaji wametawanyika. Basi, Lusia kabaki na hilo jina moja, na hataki kumpa mtoto kabla hajajua mwenyewe ni nani.

Jana yake alikuwa ametoka Tarime kwa Wakurya, wenye jina hilo, safari ya pili.

— Kila nyumba ninayopiga hodi anatoka Chacha, alisema. Mmoja alinipikia kabisa ugali. Lakini hakuna aliyewahi kufika Mwakitolyo.

Karasha akasema wanatafuta pabaya, mtu wa namna hiyo alipata dhahabu nene akavuka mpaka, sasa ana hoteli Nairobi na mlinzi getini. Mchaga akakataa. Kwa hesabu zake Chacha aliingia jeshini, akapelekwa Komoro, akaoa huko na kusilimu, hivyo hata hilo jina alishalitupa. Karasha akaona amezidiwa, akaongeza kwamba hoteli ni tatu. Nilichukia, maana hawa watu wakishakunywa kikombe cha pili wanamsahau mwenye shida. Nikafungua mdomo niseme labda mzee alishafariki, nikaona Lusia ananitazama, nikaomba kashata.

Hapo ndipo aliposogea dereva wa lori lililopata pancha, akamwamkia Karasha shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi pembeni. Alijitambulisha kwamba anaitwa Marwa, kwao Tarime. Tukamwona kama tumeletewa kwa barua ya Mungu. Tukamsimulia yote, hoteli na Komoro humo humo. Alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia Lusia.

— Dada yangu, huyo Chacha mama yako alimsikia akiongea Kikurya?

Karasha alikitazama kikombe. Nami nilijua, na wao walijua, kwamba kule maduarani mtu yeyote asiyeogopa kushuka ataitwa Chacha, awe Mzinza, awe Mha. Tumekaa machimboni nusu ya maisha yetu, na tulimwacha binti wa watu apande basi mara mbili kwenda Tarime.

— Kikurya hapana, Lusia alisema polepole. Mama alisema akivuta kamba alikuwa anawaita ng'ombe wa kwao, kwa Kisukuma. Anawasifu mmoja mmoja. Mama aliyashika majina yao, ndiyo aliyonibembelezea.

— Unawakumbuka? Marwa aliuliza.

— Huyu namlaza nao kila siku.

Akamvuta mtoto mbele, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, anaona haya. Alimtaja Bulaya mwenye maziwa mengi. Akamtaja Sukari. Akamtaja Motokaa wa pembe moja, anayefungua zizi mwenyewe.

Mchaga aliweka kikombe chini. Akapandisha mguu wa suruali, akatuonyesha kovu refu kwenye muundi, lile ambalo miaka yote alituambia ni la pikipiki.

— Motokaa ndiye aliyenichoma, alisema. Niliona aibu kusema ni ng'ombe. Hao ni ng'ombe wa mzee Masunga, Songwa. Tulikuwa tunawachunga mimi na mwanawe.

— Mwanawe nani?

— Mageni. Alipotea ujana wake machimboni, akarudi kulima pamba. Hajawahi kuniambia kwamba huko aliitwa Chacha. Na mimi sijawahi kumwambia kwamba huku naitwa Mchaga.

Lusia alimbana mtoto kifuani. Nikamwulizia mimi, maana ndilo neno nililokuwa nimelimeza pamoja na kashata.

— Yu hai?

— Pasaka nilikula kwake. Hana mtoto mwingine, anaishi na dada yake. Ng'wanawane, mwanangu, nilikaa na wewe hapa siku zote hizi namtafuta mtu wa Komoro.

Mchaga alilia kabisa, na Karasha, ambaye kwa kawaida angemcheka wiki nzima, alimshika bega. Marwa akasema akishaziba pancha anakwenda Shinyanga, upande wa Songwa, na kiti cha mbele kina nafasi ya wawili na mtoto. Mchaga akaenda kufunga duka.

Nasibu alikuja kutangaza kwamba kahawa imekwisha. Lusia hakumsikia. Alimnyanyua mwanawe akamweka uso kwa uso, akamwita taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

— Mageni.

Mtoto akamshika pua.